Nani Ashike Mizani ya Hewa?

Katika kila soko la nchi hii mizani ina mkaguzi wake. Muuza nyama wa Buguruni ajua kwamba siku yoyote aweza kujiwa na watu wa Wakala wa Vipimo, na mawe yake yakionekana mapungufu atajibu mbele ya sheria. Mama anunuaye kilo 1 ya sukari hahitaji elimu kubwa kutambua kwamba amepunjwa; huuinua mfuko mkononi, hukunja uso, hudai upimwe tena mbele ya macho yake. Lakini hewa, ambayo kila mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 kwa siku moja, haina mizani mtaani. Hakuna hata mmoja wetu awezaye kusimama penye kituo cha basi na kusema: pimeni tena.

Twaandika haya kwa sababu mazungumzo juu ya hewa ya miji yetu yameendeshwa kwa muda mrefu kwa pua na macho tu. Mkazi wa jirani na dampo asema moshi wamkaba. Ofisa asema hali ni ya kawaida. Mwenye kiwanda asema kile kionekanacho ni mvuke. Wote watatu wasema bila tarakimu, na pasipo tarakimu mshindi huwa yule mwenye kiti kikubwa. Basi swali tulitakalo leo si kama hewa ya miji yetu imechafuka, maana hilo hata mtoto anayevuka Barabara ya Mandela aweza kulijibu kwa kikohozi. Swali ni nani ashike mizani. Na jibu letu twalitoa mapema: ishikwe na wananchi pamoja na Serikali, isiachiwe mmoja peke yake wala isiachiwe mgeni, na tarakimu itakayopatikana iwe na ofisi ambayo haina ruhusa ya kuinyamazia.

Yafaa kwanza tuseme ni kitu gani kipimwacho. Moshi mweusi utokao katika bomba la lori huonekana, nao hukera, lakini sehemu yake iliyo hatari zaidi ni ile isiyoonekana. Wataalamu huhesabu chembe ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5, nao wameziita PM2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mpana mara 20 au 30 kuliko chembe hizo. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa puani na kooni, mtu akapiga chafya au akakohoa, yakaisha. Chembe hizi ndogo hupita milango yote hiyo, hufika katika vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu na kwenda zake hadi moyoni na ubongoni. Huzaliwa katika jiko la mkaa na la kuni, katika injini ya dizeli, katika tanuri, na katika kila rundo la taka linalowashwa nyuma ya nyumba jioni.

Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2005 kiwango cha mikrogramu 10 za chembe hizo katika kila mita 1 ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka mzima. Mwaka 2021, baada ya kuusoma upya ushahidi wa magonjwa, likakishusha hadi mikrogramu 5. Na kwa wastani wa saa 24 likasema zisizidi 15. Mikrogramu ni sehemu 1 ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Yaonekana kama mzaha kubishania uzito mdogo namna hiyo, lakini Shirika hilo hilo lakadiria kwamba hewa chafu ya nje ya nyumba ilihusika na vifo milioni 4.2 duniani katika mwaka 2019, na hapo moshi wa ndani ya majiko yetu haujahesabiwa.

Msomaji atakayeuliza kwa nini tarakimu iwe jambo kubwa hivyo, na atazame Mombasa. Pembeni mwa mji huo, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Bibi Phyllis Omido alipata kazi humo mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, matibabu yasifae kitu, na mwishowe damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na risasi. Akaacha kazi, akaanza kuwaendea jirani zake nyumba kwa nyumba, na watoto wa majirani nao walipopimwa wakakutwa vivyo hivyo. Yaliyofuata ni safari ndefu ya barua, maandamano na hata kukamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kenya iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Twawapongeza wakazi wale kwa ustahimilivu wao. Lakini lipo jambo moja katika habari hiyo ambalo halituachi tulale. Ushahidi uliowasimamisha mahakamani ulichotwa katika mishipa ya watoto. Hewa ya pale ingalipimwa mapema mfululizo, na matokeo yakabandikwa ukutani kwa lugha isomekayo, huenda chombo kingalisema kabla mtoto wa kwanza hajaanza kutapika. Mahali ambapo hewa haipimwi, mwili wa mtu hugeuzwa kuwa kipimo.

Wako watu waliokataa kungoja hivyo, na silaha yao ilikuwa ndoo. Habari hii yatoka Marekani, katika jimbo la California, kwenye miji iliyopakana na viwanda vya kusafishia mafuta. Mwaka 1994 kiwanda kimoja katika mji wa Rodeo kilivuja kemikali kwa siku 16, na wakazi wengi wakaugua. Mwaka uliofuata wakili wao, Edward Masry, alipatwa yeye mwenyewe na madhara ya moshi alipokuwa kazini huko. Akawapigia simu wakubwa waliohusika, naye akajibiwa kwamba vipimo vyao havionyeshi tatizo lolote. Jibu hilo twalijua sote, hata sisi ambao hatujafika California. Masry hakurudisha barua nyingine. Alimlipa mhandisi amtengenezee chombo ambacho mtu wa kawaida aweza kukimiliki.

Chombo chenyewe ni ndoo ya plastiki ya lita 20 hivi, nduguye ile tuitumiayo kutekea maji, yenye kifuniko kinachobana sawasawa. Ndani mwake mna mfuko wa plastiki ya aina maalumu isiyochanganyika na kemikali, na mrija watoka mfukoni kwenda nje. Hewa iliyo baina ya mfuko na ndoo hunyonywa kwa pampu ndogo. Mfuko, ukikosa kitu cha kuubana, hutanuka na kuivuta hewa ya mtaani. Baada ya dakika chache mrija hufungwa, na mfuko hupelekwa maabara ili gesi zilizomo zitambuliwe kwa majina na kwa viasi. Ghali si ndoo bali ni maabara, kwa maana uchunguzi wa mfuko mmoja waweza kugharimu zaidi ya ndoo yenyewe. Kwa hiyo watu walijifunza kuwa na nidhamu: nani anusaye zamu ya usiku, nani afunguaye ndoo, nani aandikaye saa na upande wa upepo, nani apelekaye mfuko posta.

Ndoo hizo zikafika Norco, katika jimbo la Louisiana. Huko palikuwa na mtaa uitwao Diamond, mtaa wa Wamarekani weusi wenye barabara nne tu, ulioketi baina ya kiwanda cha kemikali na kiwanda cha kusafishia mafuta, vyote vya kampuni ya Shell. Mwalimu mmoja wa pale, Bibi Margie Richard, ambaye uzio wa kiwanda ulikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani kwake, aliwaongoza jirani zake kukusanya hewa kwa ndoo. Alipokwenda Uholanzi alichukua mfuko wa hewa ya Norco, akawakaribisha wakubwa wa kampuni wainuse. Mwaka 2002 kampuni ilikubali kugharimia kuhama kwa wakazi wa barabara zote nne, na mwaka 2004 Bibi Richard akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, ile ile ambayo Bibi Omido wa Mombasa alikuja kuipata mwaka 2015.

Ubishi uliozuka juu ya ndoo hizo wafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndio utakaoletwa hata hapa kwetu siku wananchi watakapoanza kupima. Wenye viwanda, na mara nyingine hata maofisa wa serikali, walisema: ndoo yenu imechukua hewa ya dakika tatu, kiwango cha sheria ni wastani wa saa 24, au wa mwaka, dakika tatu haziwezi kuvunja sheria iliyoandikwa kwa mwaka. Kwa hesabu tupu walikuwa na haki. Lakini tazama namna hoja hiyo ifanyavyo kazi. Kiwanda kinachotoa moshi mzito saa 8 usiku, watoto wakaamka wakihema, kisha kikatulia siku nzima, chaweza kuwa na wastani mzuri. Mtu aliyezamishwa kichwa majini kwa dakika tano na kuachwa nchi kavu kwa saa zilizobaki naye, kwa wastani, ni mtu mkavu. Wakazi wa Norco hawakuugua kwa wastani; waliugua kwa usiku fulani, kwa saa fulani, nayo ndoo ilikuwa shahidi wa saa ile. Wala hatuwezi kuficha udhaifu wake: shahidi huyo aliitwa pale tu harufu ilipokwisha kusikika. Gesi isiyo na harufu ilipita salama.

Bara letu nalo liliipokea ndoo. Kusini mwa Durban, katika Afrika Kusini, sera ya ubaguzi iliwapanga Wahindi na Machotara waishi katika bonde lililokuwa na viwanda viwili vikubwa vya kusafishia mafuta. Wakazi wa Merebank na Wentworth walianza kutumia ndoo mwaka 2000, na katika miaka hiyo uchunguzi uliofanywa katika Shule ya Msingi Settlers ya Merebank ulikuta zaidi ya nusu ya wanafunzi wana pumu. Nchi hiyo ilikuwa ingali ikitumia sheria ya moshi ya mwaka 1965. Mwaka 2004 ikatunga Sheria mpya ya Ubora wa Hewa. Hatusemi kwamba ndoo ndiyo iliyotunga sheria. Twasema kwamba watunga sheria hawakuweza tena kudai kuwa hawakuambiwa.

Ubishi wa dakika tatu una jibu moja tu, nalo ni kupima mchana na usiku pasipo kupumzika, na kwa bei ambayo mji wa Kiafrika waweza kuimudu. Jibu hilo limetafutwa na kupatikana karibu nasi, Kampala.

Mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Makerere, mwalimu wa elimu ya kompyuta na wenzake walianzisha mradi uitwao AirQo. Mwalimu huyo ni Profesa Engineer Bainomugisha. Na tusisitize kwamba Engineer ni jina lake, si cheo, ingawa kazi yake yalifaa jina hilo. Tatizo lao lilikuwa hili. Mashine rasmi ya kupimia chembe za hewa, ile ambayo serikali za Ulaya na Marekani huiamini, hugharimu makumi ya maelfu ya dola, hutaka umeme usiokatika na mtaalamu wa kuitunza. Mji wa milima na mabonde kama Kampala wahitaji kupimwa mahali pengi sana, kwa sababu hewa ya kilimani si ya bondeni, na ya barabara ya lami si ya barabara ya vumbi. Kununua mashine 100 za namna hiyo ilikuwa ndoto.

Wakatengeneza kipimo chao wenyewe. Ndani yake mna kipepeo kidogo kinachovuta hewa na kuipitisha mbele ya mwali wa mwanga. Kila chembe ipitapo huutawanya mwanga, na kompyuta ndogo huhesabu mng'ao huo na kukadiria uzito. Matokeo hutumwa kwa njia ya simu za mkononi, na umeme waweza kutoka katika jua. Kasha lake liliundwa makusudi kwa vumbi na joto la kwetu, maana vipimo vya kigeni, vilivyoundwa kwa hali ya hewa ya ugenini, havikuwa na sababu ya kujua vumbi jekundu la Uganda. Kisha wakafanya jambo ambalo sisi twaliona kuwa la busara kuliko yote: pamoja na kuvitundika katika majengo na mashule, baadhi ya vipimo wakavifunga katika pikipiki za bodaboda. Nani aijuaye hewa ya mji kuliko mwendesha bodaboda, aendaye kila kichochoro na kuivuta kila aina ya moshi tangu alfajiri? Hapo yule aliyekuwa akihesabiwa kama sehemu ya tatizo akawa mpimaji wake.

Vipimo hivyo vya bei nafuu vina kasoro zake, na mtu anayevisifu bila kuzitaja hatendi haki. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama alfajiri ya ukungu, chembe hunyonya maji na kuvimba, nacho kipimo huziona kubwa kuliko zilivyo. Havitambui gesi. Vumbi nene hulikadiria vibaya. Na kadiri miezi ipitavyo, uchafu hujenga ndani na tarakimu huanza kupotoka pole pole, kama saa inayochelewa. Ndiyo maana watu wa Makerere hawakuvitupa tu mitaani. Waliviweka kwanza bega kwa bega na mashine rasmi, wakalinganisha saa kwa saa, wakatunga hesabu ya kusahihisha tofauti. Hiyo ni kazi ile ile ya mkaguzi wa mizani aijaye sokoni na jiwe lake la kilo 1 lenye muhuri. Mizani ya muuza samaki si lazima iwe ya dhahabu. Yatosha iwe imelinganishwa na jiwe la kweli.

Mradi huo umevuka mpaka wa Uganda ukaingia miji mingine ya Afrika, Nairobi na Accra ikiwamo, na matokeo yake husomwa na yeyote mwenye simu. Halmashauri ya Jiji la Kampala imeshirikiana nao. Mwaka 2024 Uganda ilitoa kanuni zake za kwanza za viwango vya ubora wa hewa.

Wala asidhani msomaji kwamba shughuli hii ni ya nchi maskini zisizo na mashine. Mwezi Mei 2018, katika jimbo la Flanders nchini Ubelgiji, wananchi 20,000 walitundika vijichupa vya kupimia gesi ya magari katika madirisha yao yatazamayo barabara, katika kazi iliyoitwa CurieuzeNeuzen, maana yake pua zenye udadisi. Idara ya mazingira ya serikali ilikuwamo, Chuo Kikuu cha Antwerp kilikuwamo, na mshiriki wa tatu alikuwa gazeti, De Standaard. Twalitaja hilo kwa wivu kidogo.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania haikukosa sheria. Kanuni zetu za viwango vya ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2007, miaka mingi kabla ya zile za Uganda, na Kenya ilitoa za kwake mwaka 2014. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lipo, lina mamlaka, lina watu wasomi. Lakini sheria ya kiwango ni sawa na sheria ya kilo: bila mizani kila mtaa, mnunuzi haoni faida yake. Wala hatuwezi kuazima tarakimu za Kampala. Wao wako barani, katika mabonde ambamo hewa ya usiku hutuama. Dar es Salaam ina upepo wa bahari, nao hutusaidia, ila hautusaidii sote kwa kipimo kimoja. Anayeishi Masaki huupata ukitoka majini. Anayeishi Vingunguti huupata ukiwa umekwisha pita mjini.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema, nasi twaiunga mkono. Lakini mitungi ya gesi iliyogawiwa yaweza kuhesabiwa na hewa ikabaki vile vile, kwa sababu mtungi ulioisha gesi huwekwa pembeni na jiko la mkaa likarudi mahali pake. Kuhesabu mitungi ni kuhesabu juhudi. Kujua kama kifua cha mtoto kimepata nafuu kwahitaji kipimo kitundikwe jikoni na uani, kabla na baada.

Hapa twagusa jambo gumu zaidi, ambalo watu wa Norco hawakukabiliana nalo. Wao adui yao alikuwa ng'ambo ya uzio, tena kampuni tajiri. Sisi, moshi wetu mwingi ni wetu wenyewe. Kipimo kikitundikwa penye kona ya mtaa, kitaonyesha lori bovu, naam, na kitaonyesha tanuri. Lakini kitaonyesha pia saa 12 jioni ambapo majiko ya mkaa huwashwa pamoja, kitamwonyesha mkaanga chipsi, mama lishe, mchoma mahindi, na yule jirani mwema achomaye majani na mifuko ya plastiki kila Jumamosi. Kipimo hakina ndugu.

Twaliogopa hilo, na twaeleza kwa nini. Katika miji yetu ni rahisi mno kwa tarakimu kugeuzwa fimbo. Ofisa aliyekalia malalamiko ya kiwanda kwa miaka mitatu aweza, kwa karatasi moja ya vipimo, kuamka siku moja akavunja vibanda vya mama lishe 40 kwa jina la hewa safi, na magari yatoayo moshi yakaendelea kupita mbele ya vibanda vilivyovunjwa. Hiyo itakuwa dhuluma iliyovikwa joho la elimu. Dawa yake ni ile ile tuliyoisema: mizani isishikwe na mmoja. Mama lishe akiwa miongoni mwa walinzi wa kipimo, akiyajua matokeo kabla ya ofisa, ndipo awezapo kusema: moshi wangu ni huu, na wa barabara ni ule, nipeni jiko bora nami nitalitumia, lakini lile lori mnalifanyaje? Asipokuwamo, atayasoma matokeo katika amri ya kuhama.

Wako pia wakubwa waonao kwamba tarakimu mbaya zitaiaibisha nchi, zitawafukuza watalii na wenye mitaji. Nao tuwakumbushe habari ya Beijing. Ubalozi wa Marekani katika mji huo uliweka kipimo cha PM2.5 juu ya paa lake mwaka 2008 na kutangaza matokeo kila saa. Wakubwa wa China walichukizwa, wakasema ni kuingilia mambo ya ndani. Lakini wenyeji walikuwa wakisoma. Na mwaka 2012 China ikaingiza PM2.5 katika viwango vyake, na mwaka 2013 miji 74 ikaanza kutangaza tarakimu zake. Nchi haikuanguka. Ilianza kusafisha.

Hata hivyo habari za balozi zina upande wa pili, nao watuhusu zaidi. Balozi za Marekani katika miji mingi ya dunia, Kampala ikiwa mmojawapo, ziliweka mashine rasmi za namna hiyo, na wataalamu wa nchi nyingi wakazoea kuzitegemea kama lile jiwe la muhuri tulilolitaja. Mnamo Machi 2025 serikali ya Marekani iliacha kuyatangaza matokeo ya balozi zake, ikitaja upungufu wa fedha. Siku ile mji uliokuwa hauna mizani nyingine ulirudi kwenye pua na macho. Hatumlaumu mgeni kwa kuizima taa yake; ilikuwa yake. Kampala haikurudi gizani, kwa kuwa vipimo vya Makerere viliendelea kutuma.

Kwa hiyo twatoa rai, na twaomba wahusika waitazame kama jambo liwezekanalo mwaka huu wa fedha. Baraza la Mazingira na vyuo vyetu vikuu waweke mashine rasmi zisizopungua moja katika kila jiji, ziwe ndilo jiwe la kulinganishia, na zitunzwe kwa fedha yetu wenyewe. Kila miezi michache vipimo vidogo virudishwe hapo kukaguliwa. Vipimo vyenyewe vigawiwe kwanza shule za msingi zilizo kando ya barabara kuu, kwa kuwa zina mwalimu, zina uzio, na zina watoto ambao mapafu yao bado yanakua. Kisha mitaa iliyo jirani na dampo la Pugu Kinyamwezi, kisha masoko na vituo vya daladala. Wanafunzi waandike matokeo asubuhi na mchana ubaoni, kama shule nyingi zinavyoandika kiasi cha mvua. Mtendaji wa mtaa apewe siku 14 za kujibu kwa maandishi kila tarakimu inapozidi kiwango kwa siku mfululizo, na jibu lake libandikwe pale pale penye kipimo, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hana la kufanya. Na kanuni ziseme waziwazi kwamba hakuna mchuuzi atakayeondolewa kwa sababu ya moshi wake kabla hajapewa njia nyingine ya kupikia.

Kwa upande wa gazeti, magazeti ya pwani yamezoea tangu zamani kuchapa saa za maji kujaa na kupwa, na bei za mazao. Tarakimu kumi za hewa ya mitaa kumi hazitachukua nafasi zaidi ya hizo. Shule ya kwanza itakayokuwa na kipimo kilicholinganishwa na kukaguliwa, na itutumie matokeo yake kila Ijumaa. Tutayachapa Jumatatu, pamoja na jina la mtaa na saa yalipochukuliwa.